Mubashara au tuma-usubiri? Kuchagua njia ya kumfikishia daktari wa mbali picha ya mgonjwa

Kila muuzaji wa mifumo ya tiba mtandao huanza na video. Daktari bingwa yuko Dar es Salaam au Nairobi, mgonjwa yuko kitandani wilayani, probu ya ultrasaundi, yaani kile kifaa cha kushika mkononi kinachopiga picha, inatembea tumboni na picha inacheza kwenye skrini zote mbili kwa wakati mmoja. Mganga mfawidhi anaangalia, katibu wa afya anaangalia, na kabla chai haijapoa watu wameshaanza kuuliza bei. Video hiyo si ya uongo. Teknolojia ipo na inafanya kazi. Isipokuwa haijibu swali la msingi: kati ya vipimo unavyofanya kwa wiki, ni vingapi vinahitaji daktari wa mbali aone wakati uleule, na ni vingapi vinahitaji tu faili kamili imfikie aifungue?

Msimamo wangu niuseme mapema. Vituo vingi hushawishika kununua mubashara pale ambapo kutuma na kusubiri jibu kungetosha kabisa, halafu vinaikosa mubashara mahali pekee inapohitajika kweli, yaani kwenye mkono ulioshika probu. Nitalinganisha njia nne: matangazo ya moja kwa moja, kutuma faili kwa mfumo rasmi wa picha za tiba, WhatsApp, ambayo hakuna aliyeinunua lakini karibu kila hospitali inaitumia, na kompyuta inayosoma picha palepale bila kumtumia mtu yeyote.

Haraka si lazima iwe mubashara

Chukua kijana aliyeanguka na bodaboda, ameletwa saa nane usiku hajitambui. Hospitali ina CT-Scan lakini haina bingwa wa radiolojia. Hapa kila dakika ina thamani, na ndipo muuzaji anapokwambia kwamba lazima uwe na mubashara. Si kweli. Mashine inapozunguka, bingwa aliye mbali hana la kufanya. Anachotaka ni vipande vyote vya picha kwa ubora wake wote, avipitie kutoka juu hadi chini, arekebishe mwanga aone mfupa, kisha aurekebishe tena aone damu na ubongo. Hiyo ni kazi ya faili. Video ya skrini ya CT, hata ikiwa safi namna gani, inamnyima uwezo huo wa kurekebisha, kwa hiyo inampa kidogo kuliko faili iliyochelewa dakika tano.

Tufanye hesabu. Kipande kimoja cha CT kina pikseli 512 kwa 512, na kila pikseli inachukua baiti mbili, jumla nusu megabaiti. Vipande 300 ni megabaiti 150. Ukizibana kwa njia isiyopoteza chochote, kama JPEG-LS au JPEG 2000, zinashuka hadi nusu au theluthi. Jedwali hili linachukulia laini inayopakia megabiti 2 kwa sekunde, kiwango ambacho laini ya simu ya kawaida hufikia ikiwa mnara hauna msongamano.

| Kipimo | Ukubwa ghafi | Baada ya kubanwa | Muda wa kupakia |
|---|---|---|---|
| Eksirei ya kifua ya kidijitali (pikseli 3,000 kwa 3,000) | MB 18 | kama MB 7 | nusu dakika |
| CT-Scan ya kichwa, vipande 300 | MB 150 | kama MB 60 | dakika 4 |
| Picha ya ngozi au ya jicho kwa simu | – | MB 3 hadi 5 | chini ya nusu dakika |
| Ultrasaundi mubashara ya dakika 15, megabiti 1.5 kwa sekunde | – | kama MB 170 | dakika 15 zilezile, bila kukatika |

Angalia mstari wa mwisho. Kwa bando linaloliwa, kipindi kimoja cha ultrasaundi ya mubashara kinazidi CT nzima hata kabla haijabanwa. Ila faili ya CT mtandao ukikatika dakika ya pili inangoja, mtandao ukirudi mfumo mzuri unaiendeleza ilipoishia. Mubashara haingoji. Dakika iliyopotea imepotea pamoja na kilichokuwa kinaonekana ndani yake.

Ndiyo maana hata kiharusi, ambacho dawa ya kuyeyusha donge la damu inapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kinahudumiwa na picha iliyotumwa, si iliyotangazwa. Kinachoua wagonjwa wa namna hii ni simu ya bingwa isiyopokelewa saa tisa usiku. Dakika nne za kupakia faili hazina hatia.

Mtandao unapoyumba, kila njia huumia kivyake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vipeperushi vya wauzaji vinapopita mbio.

Faili ya kawaida husafirishwa kwa utaratibu unaohesabu kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data. Pakiti ikipotea njiani, upande wa pili unaiomba tena hadi ifike. Matokeo yake ni mawili tu: faili imefika kamili, au haijafika na mfumo unasema haijafika. Video ya mubashara haiwezi kufanya hivyo, maana pakiti ikirudiwa sekunde mbili baadaye picha yake imeshapitwa. Kwa hiyo programu huitupa na kusonga mbele. Mtandao ukizidi kudhoofika, programu inapunguza ubora yenyewe ili mazungumzo yasikatike: pikseli zinapungua, fremu zinapungua, sehemu zinazofanana zinapakwa rangi moja. Kwa mkutano wa ofisini huo ni ustadi. Kwa daktari anayetafuta mstari mwembamba wa maji kati ya ini na figo, ni hatari, kwa sababu kinachofutwa kwanza ni vitu vidogo vyenye tofauti ndogo ya kivuli. Na hakuna anayemwambia kwamba vimefutwa.

Mfano ulio wazi ni moyo wa mtoto tumboni. Kwa kawaida unapiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, karibu mara mbili na zaidi kila sekunde. Video ya fremu 30 kwa sekunde inakupa fremu kumi na zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo unauona moyo ukifunga na kufungua. Mtandao ukishusha video hadi fremu tano, unabaki na mbili kwa kila pigo, na hapo macho hayawezi kuhesabu kitu. Kuna lililo baya zaidi: video iliyoganda. Picha ya moyo uliosimama na picha iliyoganda ya moyo mzima zinafanana kabisa. Mfumo wowote wa mubashara usioonyesha saa inayotembea juu ya picha, au alama kubwa inayosema picha imesimama, usinunuliwe kwa kazi ya uzazi. Sioni nafasi ya majadiliano hapo.

Kuna suala la kuchelewa pia, ambalo watu hulichanganya na kasi. Laini inaweza kuwa pana lakini ikachelewa. Setilaiti za zamani zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ishara ikipanda na kushuka hutumia kama robo sekunde. Ukiuliza na kujibiwa, nusu sekunde imekwenda. Setilaiti za karibu kama za Starlink, iliyoanza kutoa huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, ziko takriban kilomita 550, hivyo kuchelewa kwake kunakaribia kule kwa mtandao wa ardhini. Je, tofauti hiyo ina maana kwa daktari? Inategemea anafanya nini.

Ushahidi mzuri uko kwenye pande mbili zisizofanana hata kidogo. Tarehe 7 Septemba 2001, daktari wa upasuaji Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa kuongoza roboti. Walikodi laini maalumu ya faiba, na kuchelewa kwa kwenda na kurudi kulikuwa kama milisekunde 155. Bila hivyo mkono wa daktari na mkono wa roboti vingepishana ndani ya tumbo la mtu. Upande wa pili ni Kituo cha Anga cha Kimataifa. Mwaka 2004 mwanaanga Mike Fincke na mwenzake Gennady Padalka, ambao hawakuwa madaktari, walipimana bega kwa ultrasaundi wakiongozwa kwa sauti na wataalamu waliokuwa Houston, na picha ilikuwa ikichelewa kama sekunde mbili. Picha zilizopatikana zilifaa kusomwa. Sababu yake: anayeongozwa kwa maneno anasogeza probu, anasimama, anangoja. Binadamu anavumilia kuchelewa ambako roboti haivumilii.

Kwa hiyo mtu akikuuzia mkono wa roboti wa kufanyia ultrasaundi kwa mbali, muulize laini gani itaubeba. Akikuuzia mfumo wa kuongoza kwa sauti, hata laini ya kawaida inaweza kutosha, mradi muuguzi amefundishwa na maneno yamekubaliwa mapema.

Mkono ulioshika probu

Sasa upande ambao mubashara inastahili pesa yake. Eksirei ikipigwa vizuri inafanana bila kujali nani amebonyeza. CT ni hivyo hivyo. Ultrasaundi haiko hivyo: picha nzuri inatengenezwa na mkono wakati huohuo, kwa kuinamisha probu nyuzi chache, kukandamiza kidogo, kumgeuza mama alale ubavu. Mkunga asiyejua atakutumia picha kumi safi za mahali pasipohusika. Bingwa atazifungua jioni, ataandika "rudia kipimo", na mama ameshapanda gari kurudi kijijini.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Pendekezo hilo ndilo lililofanya probu ndogo zinazochomekwa kwenye simu zitafutwe hivi. Butterfly iQ iliruhusiwa Marekani mwaka 2017 na ikaingia sokoni kwa chini kidogo ya dola 2,000, ukiacha ada ya kila mwaka ambayo watu husahau kuiweka kwenye bajeti. Philips wana Lumify, inayotumia simu au tableti ya Android. Zote mbili zimewahi kuja na njia ya kumwonyesha mtaalamu wa mbali picha na mkono wa anayepima kwa pamoja. Mwaka 2022 mamia ya wahudumu wa afya nchini Kenya, wengi wao wakunga, walipewa probu za Butterfly pamoja na mafunzo.

Kwenye mafunzo kama hayo mubashara inang'aa. Mkunga anapima, daktari anaona, wanazungumza:

– Sista, hapo umefika kwenye kibofu. Inamisha probu taratibu kuelekea miguuni.
– Hivi, daktari?
– Kidogo tena. Simama hapohapo. Sasa hicho cheupe kilicho chini ni nini?
– Kondo la nyuma.
– Limeufikia mlango wa kizazi au halijaufikia?

Mazungumzo hayo yakirudiwa kwa miezi michache, mkunga hahitaji tena kuongozwa kujua mtoto ametanguliza nini, kondo limekaa wapi, na kama kuna mapigo. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mubashara kwa maoni yangu, na ni ajabu kwamba haimo kwenye hotuba za mauzo: inajiondoa kazini. Kituo kinachotumia mubashara kwa mgonjwa yuleyule wa aina ileile mwaka wa tatu mfululizo kimefundisha vibaya.

Gharama yake iko kwenye saa za watu. Daktari anayesoma picha zilizotumwa anaweza kukaa saa moja akamaliza rundo zima la eksirei kati ya zahama mbili za wodini. Kwenye mubashara amefungwa dakika kumi na tano kwa mgonjwa mmoja, na lazima watu wawili wawe huru kwa wakati mmoja, umeme uwepo pande zote, na mgonjwa awe amefika. Kwa nchi zetu zenye mabingwa wa radiolojia wachache, kumfunga mmoja namna hiyo kwa kipimo ambacho kingeweza kungoja ni anasa.

Kwenye ultrasaundi kuna pia njia ya kati inayozidi kupata nguvu: mkunga anafagia tumbo kwa probu kwa mistari iliyopangwa, juu chini na kulia kushoto, bila kutafuta kitu chochote, anarekodi, kisha rekodi inatumwa au inasomwa na programu. Utafiti uliotumia wajawazito wa Zambia na wa jimbo la North Carolina, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa programu inaweza kukadiria umri wa mimba kutokana na ufagiaji wa aina hiyo. Haioni kila kitu. Lakini kwa kituo ambacho mtandao unakuja na kuondoka, rekodi ya kufagia inayotumwa usiku ina maana zaidi kuliko mubashara inayokatika mchana.

WhatsApp: njia ambayo tayari unayo

Tusijidanganye, hii ndiyo tiba mtandao inayofanya kazi zaidi Afrika Mashariki. Daktari wa zamu anainua filamu ya eksirei kwenye kisanduku cha taa au dirishani, anapiga picha, anaituma kwenye kundi, na mtu anajibu hata akiwa harusini. Hakuna mfumo wa mamilioni unaoshinda kasi hiyo ya kujibiwa, na anayeidharau WhatsApp pasipo kuweka kitu cha kujibu haraka kama hicho atabaki na mfumo mzuri usio na watu.

Lakini linganisha kinachopotea. Eksirei ya kidijitali hubeba walau biti 12 kwa kila pikseli, yaani ngazi 4,096 za kivuli, na daktari huzichezea akitafuta anachokitaka. Picha ya simu ina ngazi 256 kwa kila rangi, nazo zimechanganyika na mng'ao wa taa na kivuli cha vidole. Kisha programu yenyewe inaipunguza kabla ya kuituma. Mfupa wa paja uliokatika vipande viwili utaonekana tu. Hewa kidogo iliyovuja pembeni mwa pafu, au vidoa vidogo vya kifua kikuu kilichosambaa, vinaweza visionekane kabisa, na aliyejibu "kifua safi" hatajua alichokosa. Ongeza kosa la kizamani ambalo mfumo rasmi wa picha za tiba, DICOM, ulikuja kulizuia: filamu ikigeuzwa, kulia kunakuwa kushoto.

DICOM ni utaratibu wa pamoja wa picha za tiba ambao ulipata jina hilo mwaka 1993. Kila faili yake inabeba jina la mgonjwa, namba, tarehe, upande wa mwili na namna picha ilivyopigwa, vyote ndani ya picha yenyewe. Mashine ya kampuni moja inasomeka na kompyuta ya kampuni nyingine. Ukinunua mashine leo isiyotoa DICOM, umenunua kisiwa.

Kama WhatsApp ndiyo iliyopo kwa sasa, basi itumie kwa adabu: tuma kama hati badala ya picha ili isipunguzwe, ficha jina, andika umri, upande na swali lako, na jibu la daktari liandikwe kwenye jalada la mgonjwa siku hiyohiyo. Usimbaji wake unalinda ujumbe ukiwa njiani. Haulindi chochote kwenye simu iliyoibwa daladalani, wala kwenye kundi ambalo waliohama hospitali miaka mitatu iliyopita bado wamo.

Hapo sheria inaingia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na tangu 2023 ina Sheria ya Afya Dijitali. Zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti na zinaweka masharti zikivuka mpaka wa nchi. Bodi ya hospitali ikiulizwa picha za wagonjwa zimehifadhiwa kwenye seva ya nani, "kwenye kundi letu" si jibu.

Seva yako mwenyewe, kwa bei ya kompyuta

Kwa hospitali ya wilaya yenye eksirei ya kidijitali, ninapendekeza kabla ya yote tuma-usubiri ya DICOM, na si lazima ianze na mkataba mkubwa. Orthanc, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2012 na Sébastien Jodogne katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, inapokea picha kutoka kwenye mashine, inazihifadhi na kuzituma kwenye seva nyingine, na inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Bingwa anafungua picha kwenye kivinjari. Leseni hailipiwi.

Kinacholipiwa ni mtu wa kuiangalia. Mwaka 2019 kampuni ya Ujerumani ya Greenbone Networks ilitoa ripoti kuhusu hifadhi za picha za tiba zilizoachwa wazi kwenye intaneti katika nchi nyingi, baadhi bila nywila yoyote. Si wadukuzi mahiri waliozifungua, hazikuwahi kufungwa. Kama huna fundi wa TEHAMA anayejua kuiweka seva nyuma ya njia salama na kutunza nakala ya akiba, lipia huduma ya kampuni na uwabane kwenye mkataba. Bure inayovuja ni ghali.

Kompyuta inayosoma palepale

Njia ya nne inakwepa mtandao kabisa. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike badala ya msomaji binadamu kwenye uchunguzi wa kifua kikuu kwa eksirei, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. CAD4TB ya Delft Imaging ya Uholanzi na qXR ya Qure.ai ya India ni miongoni mwa zinazojulikana. Zinaweza kufanya kazi kwenye kompyuta ndogo iliyo kando ya mashine. Ukizioanisha na eksirei ya kubebwa mkononi kama FDR Xair ya Fujifilm, yenye uzito wa kilo 3.5, timu inaweza kwenda machimboni au gerezani na kupata alama ya kila mtu muda mfupi baada ya kupigwa picha.

Alama hiyo haimaanishi mtu anaumwa. Inasema nani atoe makohozi yapimwe na GeneXpert, mashine ya maabara ya kutambua kifua kikuu, na kiwango cha kukatia kinapaswa kupangwa kwa watu wa eneo lenyewe: ukikiweka chini unajaza maabara, ukikiweka juu unawaacha wagonjwa waende. Na inatafuta kifua kikuu. Programu nyingine zimefundishwa kuona mengine pia, lakini pendekezo hilo la 2021 haliwahusu watoto wala haligeuzi kompyuta kuwa bingwa wa kila kilichomo kifuani. Kwa uchunguzi wa umati hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoikaribia. Kwa mgonjwa mmoja wa wodini mwenye kifua kisichoeleweka, mtumie binadamu picha.

Basi ununue nini

Zahanati isiyo na mashine ya picha haihitaji lolote kati ya haya zaidi ya simu nzuri yenye kamera na utaratibu wa kutuma picha za ngozi, vidonda na macho. Huko Nakuru, Kenya, timu ya Peek, mradi wa kupima macho kwa simu, ilishaonyesha kuwa hata mtu asiye mtaalamu wa macho anaweza kupiga kwa simu picha ya ndani ya jicho inayosomwa na wataalamu wa London, na zilitumwa kama faili, hazikutangazwa.

Kituo cha afya chenye kliniki ya wajawazito: probu ya kuchomeka kwenye simu, na mubashara kwa kipindi cha mafunzo, kwa ratiba ya siku maalumu, kisha tuma-usubiri kwa yale yanayotia shaka. Bajeti ya ada ya kila mwaka iandikwe tangu siku ya kwanza.

Hospitali ya wilaya au ya kaunti: tuma-usubiri ya DICOM kwa eksirei na CT, mubashara ibaki kwa ultrasaundi ya dharura na kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, pale ambapo aliyeshika probu bado anajifunza. Kama mko kwenye eneo lenye kifua kikuu kingi, ongeza programu ya kusoma.

Njia yoyote utakayoshika, tenga fedha ya betri na inveta kabla ya fedha ya kasi ya intaneti. Mpango wa Kenya wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza mwaka 2015 ulipeleka mashine za kisasa kaunti zote, na wakaguzi wakaja kukuta baadhi zimekaa bila kazi kwa kukosa wataalamu au umeme. Weka pia laini mbili za kampuni tofauti, na ujue zinapita wapi: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilidhoofika Tanzania na nchi jirani kwa wakati mmoja. Hospitali ambayo picha zake husomewa Dar es Salaam lakini seva yake iko Ulaya iliguswa na tukio la baharini bila sababu.

Kabla ya kusaini, mwite muuzaji aje siku ya kliniki, saa nne asubuhi, wakati mnara umejaa. Atumie laini yako, si modemu aliyokuja nayo. Pimeni kasi ya kupakia. Ile ya kupakua haiwahusu. CT ikiwa katikati ya kutumwa, chomoa waya, subiri dakika tano, rudisha, uone kama inaendelea au inaanza upya. Kwenye mubashara fanya hivyo hivyo uone skrini ya pili inachukua sekunde ngapi kukiri kwamba picha imeganda. Halafu fungueni ukurasa wa mkataba unaohusu usomaji: dharura inajibiwa ndani ya muda gani, Jumapili ikoje, sikukuu ikoje, na jina la msomaji wa zamu ya usiku pamoja na wa akiba wake yameandikwa wapi.